Operesheni ya kupunguza uzito: utabaki na kilo ngapi kweli? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu wa Unguja au Pemba anayefikiria kufanyiwa operesheni ya kupunguza uzito, au aliyekwishafanyiwa, au mwenye mama, mke ama kaka aliyerudi nayo kutoka Dar es Salaam au India. Maswali ya kilo tumeyajibu kwa urefu kwa sababu ndiyo yanayowavunja watu moyo. Mengine tumeyapitia haraka. Ulichoambiwa na daktari aliyekupasua kinatangulia yote yaliyomo humu.

Nitapungua kilo ngapi?

Anza na uzito ulionao leo. Waliofanyiwa slivu, yaani kukatwa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kwa wastani hupoteza kama robo ya uzito wao wote katika mwaka mmoja au miwili. Waliofanyiwa baipasi, yaani mfuko kufanywa mdogo na kuunganishwa na utumbo mbele zaidi, hukaribia theluthi, tuseme asilimia 30.

Tuchukue mwanamke mwenye kilo 120 na urefu wa mita 1.60. Akipoteza robo atabaki na kilo 90. Akipoteza asilimia 30 atabaki na 84. Huo ndio mji wake, kati ya 80 na kitu na 90 na kitu. Wapo wanaoshuka chini ya hapo, na wapo wanaosimama kwenye 98 wakabaki hapohapo. Hata hao operesheni yao haijaharibika.

Mwenye kilo 150 atapoteza kilo nyingi zaidi kuliko mwenye 105, lakini ataishia juu yake. Mtu husikia "fulani kapungua kilo 50" akasahau kuuliza alianzia wapi.

Daktari kaniambia nitapoteza asilimia 60. Mbona nyinyi mnasema 25 au 30?

Hakuna aliyekudanganya, hesabu ni mbili tofauti. Madaktari wengi wa upasuaji hupiga hesabu ya uzito *uliozidi*. Kwa mwanamke wetu wa mita 1.60, uzito unaohesabiwa kuwa wa kawaida mwisho wake ni kilo 64. Kwa hiyo amezidi kilo 56. Asilimia 60 ya hizo 56 ni kama kilo 34. Toa 34 kwenye 120, anabaki na 86. Sasa kilo 34 katika 120 ni asilimia 28 ya mwili mzima. Mtu ni yuleyule na kilo ni zilezile, ila namba moja inapendeza masikioni kuliko nyengine.

Tunaona uzito wa jumla ndio unaofaa kuzungumzwa na mgonjwa, kwa sababu ndio anaoukuta kwenye mizani. Ukipewa asilimia yoyote, uliza: asilimia ya nini?

Kwa hiyo sitarudi kwenye uzito wangu wa skuli?

Kwa walio wengi, hapana. Mwanamke huyo akifika kilo 84, kile kipimo cha uzito kwa urefu kiitwacho BMI kitakuwa karibu 33, kutoka 47. Kwenye kitabu bado anaitwa mnene. Ukimwambia hivyo kabla ya operesheni anaweza kukataa kwenda, na ukimficha atakulaumu baada ya mwaka. Bora ajue mapema.

Ajue pia kwamba 84 na 120 si maisha ya aina moja. Anapanda ngazi za nyumba ya Mji Mkongwe, zile zilizosimama kama ukuta, bila kupumzika katikati. Anasali akisujudu chini badala ya kukaa kwenye kiti. Analala bila kukoroma hadi kukatikiwa na pumzi. Anakaa siti moja ya daladala. Kabla ya kwenda kupasuliwa, andika kwenye daftari mambo matano ambayo mwili umekunyima, na uyarejee kila baada ya miezi mitatu. Mizani haiwezi kukuonyesha hayo.

Slivu au baipasi, ipi inapunguza zaidi?

Baipasi, ila kwa tofauti ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kwenye slivu, kama asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula hukatwa na kutolewa, ukabaki mrija mwembamba. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotoa kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa, ndiyo maana wengi husema hamu ya kula imewatoka miezi ya mwanzo. Kwenye baipasi mfuko hufanywa mdogo kama yai, ukaunganishwa na utumbo mbele zaidi, na chakula kinaruka sehemu ya njia yake ya kawaida.

Watafiti wa Finland waliofuatilia wagonjwa kwa miaka 10 na kutoa matokeo mwaka 2022 walikuta wa slivu wamepoteza kama asilimia 43 ya uzito uliozidi, na wa baipasi kama 51. Kinachoamua mara nyingi si kilo hizo. Mwenye kiungulia kikali huelekezwa baipasi, kwa sababu slivu inaweza kukizidisha. Mwenye kisukari cha muda mrefu pia mara nyingi huelekezwa huko. Asiye na uhakika wa kupata vitamini maisha yake yote, au anayehitaji dawa nyingi za kumeza, huenda slivu ikamfaa zaidi. Pete ya kufungwa sehemu ya juu ya mfuko wa chakula siku hizi imeachwa na wengi.

Nina kilo 82. Nafaa kufanyiwa?

Inategemea urefu na maradhi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 unapendekeza operesheni kwa mwenye BMI ya 35 na zaidi, hata kama hana maradhi mengine, na unaruhusu ifikiriwe kwa mwenye 30 hadi 35 akiwa na kisukari au tatizo jengine linalotokana na uzito. Kwa watu wa asili ya Asia, na hapa kwetu wapo wengi wenye damu hiyo, viwango hushuka: 27.5 inatosha kufikiriwa, kwa sababu kisukari huwakamata wakiwa na uzito mdogo zaidi. Kilo 82 kwa mtu wa mita 1.58 ni BMI ya karibu 33. Kama huna kisukari wala presha, sisi tungekushauri ujaribu njia nyengine kwanza.

Kasi yake ni ipi? Mwezi wa kwanza nitegemee nini?

Kwa yule wa kilo 120, mwezi wa kwanza unaweza kuondoka na kilo 8 hadi 12, na sehemu ya hizo ni maji. Mwezi wa tatu kilo 18 hadi 22 kwa jumla. Mwezi wa sita, 25 au 28. Baada ya hapo mwendo unakuwa wa kobe: kilo mbili mwezi huu, moja ujao, nusu mwezi unaofuata. Kilele hufikiwa kati ya mwezi wa 12 na wa 18, wengine hadi mwaka wa pili.

Hesabu hizi ni za kukadiria. Usizibandike ukutani.

Wiki ya tatu mizani imekwama. Operesheni imeharibika?

Hapana. Hili ndilo swali linalokuja usiku na sauti ya kulia, na jibu lake ni jepesi kuliko yote. Siku za mwanzo mwili hutumia sukari uliyoiweka akiba kwenye ini na misuli, na akiba hiyo hukaa pamoja na maji mengi. Ikiisha, maji yanatoka na mizani inashuka kwa kishindo. Ukianza kula vyakula laini mwili unarudisha akiba kidogo, na maji yake yanarudi nayo. Mafuta yanaendelea kuyeyuka ila mizani haioni. Hali hii inaweza kudumu wiki moja au mbili, wakati mwengine tatu, na itakuja tena mwezi wa tano au wa sita. Usipunguze chakula kuliko ulichoelekezwa. Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, kitakujibu vizuri zaidi.

Tulifanyiwa siku moja na mwenzangu. Yeye kapungua kilo 38, mimi 24. Nimekosea wapi?

Pengine hukukosea popote. Wanaume hupoteza kilo nyingi kuliko wanawake. Vijana hupoteza zaidi kuliko watu wazima. Mwenye kisukari, hasa anayechoma insulini, kwa kawaida hupungua kidogo kuliko asiyenacho. Dawa za pumu za kumeza zenye steroidi, baadhi ya dawa za kifafa na za sonona huvuta uzito juu. Urithi nao una sehemu kubwa, na huo hauna daktari.

Kama wewe na shoga yako mnapeana namba kila Ijumaa kwenye WhatsApp na mmoja anatoka na huzuni kila mara, acheni. Peaneni mapishi.

Je, uzito hurudi?

Kiasi fulani hurudi kwa watu wengi. Kilo chache kati ya mwaka wa pili na wa tano ni jambo la kawaida, mwili una kumbukumbu na unapigania kurudi ulikokuwa: njaa inaamka, mwili unatumia nishati kidogo kuliko zamani. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 ulionyesha kwamba wa baipasi waliofika chini kwa wastani wa asilimia 32 walikuwa kwenye asilimia 25 baada ya miaka 10. Kwa mwanamke wetu ni kama kutoka 82 kurudi 90. Hajarudi 120.

Kinachohitaji kuangaliwa ni kilo zinazorudi kwa kasi, mfano kilo 10 ndani ya miezi michache. Hapo nenda kwa daktari, na uende mapema. Huenda kuna dawa mpya uliyoanza, huenda ni msongo wa mawazo, huenda mfuko umetanuka, huenda ni vitafunio vya jioni. Tatizo letu hapa ni aibu. Mtu aliyeuza kiwanja akaenda kupasuliwa, akiona uzito umerudi, hujificha asionekane kliniki. Miaka miwili baadaye anarudi na kisukari.

Nyumbani tunakula sinia moja. Nitafanyaje?

Hapa pana kazi kuliko kwenye chumba cha operesheni. Watu wanne wamelizunguka sinia la pilau, kila mmoja ana upande wake, nyama imewekwa katikati, na bibi anakusogezea mnofu kwa mkono wake. Hakuna anayejua kala kiasi gani. Mtu mwenye tumbo la slivu akila kwa mwendo wa wenzake atatapika mbele yao, au chakula kitakwama kifuani kwa maumivu ambayo akishayaonja mara moja hayasahau.

Jitilie kisahani chako kabla sinia halijafika, na ukae palepale na wenzako. Kukaa pembeni peke yako hakufai, watu watadhani umenuna. Anza na kitoweo: samaki, kuku, yai, maharage au choroko. Kisha mboga. Wali mwisho, kama nafasi ipo. Miezi ya mwanzo nafasi haitakuwepo, kwani utakuwa unashiba kwa vijiko vitatu vinne. Baada ya mwaka wengi hufika kiasi cha kikombe kimoja cha chai. Tafuna mpaka kiwe uji. Usinywe maji wakati wa kula, na ngoja kama nusu saa baada ya kula ndipo unywe.

Protini inayolengwa ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Kwetu si shida kama kwengine. Kipande cha changu au jodari cha gramu 100 kina gramu 20 na kitu, yai moja lina sita au saba, kikombe cha mtindi kama nane. Dagaa wa kuchemsha waliosagwa ni chakula cha mfalme kwa mtu aliyepasuliwa, ingawa hawana heshima mezani. Pweza muache hadi miezi mingi ipite, ni mgumu kutafunika. Boflo, chapati na wali uliokauka ndivyo vinavyokwama zaidi.

Kuhusu wenyeji watakaokulazimisha kwenye harusi na khitma: "daktari kanikataza" inatosha. Usianze kueleza utumbo wako mbele ya biriani.

Na urojo? Halwa? Juisi ya miwa?

Urojo unapita. Hilo ndilo tatizo lake. Ni wa majimaji, unateleza, haukushibishi, na ndani yake kuna unga, viazi, bajia na chipsi za muhogo. Mtu asiyeweza kumaliza kipande cha kuku anaweza kumaliza bakuli la urojo na kuongeza. Ndivyo ilivyo pia kwa juisi, soda, aiskrimu, biskuti na chai ya maziwa yenye sukari vijiko vinne. Wengi wanaorudisha uzito hawarudishi kwa kula sana mezani, wanarudisha kwa vitu hivi vya kudokoa baina ya mlo na mlo.

Juisi ya miwa na halwa, kwa mwenye baipasi hasa, zina adhabu ya papo hapo: sukari inaporomoka kwenye utumbo kwa ghafla, moyo unakwenda mbio, jasho, tumbo linasokota, pengine kuharisha, kisha unalegea unataka kulala. Haiui, lakini ukipatwa nayo Forodhani mbele ya watu utaikumbuka. Kahawa chungu haina neno baada ya wiki za mwanzo, bila ile halwa yake.

Naweza kufunga Ramadhani?

Mwaka wa kwanza, usifunge. Washauri wengi wanataka ipite miezi 12 hadi 18, uzito uwe umetulia na vipimo vya damu viwe vizuri. Sababu kubwa ni maji: unahitaji kama lita moja na nusu kwa siku, na tumbo lako linapokea kwa mafunda. Anayekunywa kwa mafunda hawezi kujaza upungufu wa mchana mzima kwa muda mfupi wa usiku. Mgonjwa ana ruhusa yake ndani ya Qur'ani, na namna ya kulipa au kutoa fidia muulize sheikh wako ukiwa na maneno ya daktari mkononi.

Ukifika wakati wa kufunga, fungua kwa maji na tende moja, ungoje, kisha supu ya kuku au samaki. Uji wa pilipili manga uwe na sukari kidogo sana. Futari ya muhogo wa nazi ni nzito na tamu, onja tu. Kaimati ziangalie kwa macho. Endelea kunywa mafunda kuanzia magharibi mpaka daku, na daku lisikose protini. Vidonge vya chuma na vya kalsiamu viachanishe kwa saa mbili au zaidi, kimoja baada ya futari na chengine wakati wa daku. Ukiona mkojo umekuwa wa rangi ya chai, kizunguzungu au mapigo ya moyo kwenda mbio, fungua.

Kisukari na presha vitaondoka?

Mara nyingi hupungua sana, na sukari huanza kushuka siku chache tu baada ya operesheni, kabla kilo hazijaondoka. Mwenye kisukari cha miaka miwili mitatu anayemeza vidonge ana nafasi nzuri ya kuishi bila dawa. Mwenye kisukari cha miaka 15 na sindano za insulini ana nafasi ndogo, ingawa dozi yake huenda ikapungua. Kinaweza kurudi baada ya miaka, hasa uzito ukirudi, basi usiache kupima.

Hatari iliyopo ni ya kinyume: mtu anarudi nyumbani, hali chakula, lakini anaendelea na dozi ya zamani ya insulini au glibenklamaidi, sukari inashuka mpaka anapoteza fahamu. Kabla hujaruhusiwa, uliza kila dawa: iendelee, ipunguzwe au iachwe? Ukifika Unguja pitia kliniki ya kisukari Mnazi Mmoja wiki ile ile.

Watu wanasema nimekonda, nina maradhi. Wengine wanamsema mume wangu.

Utayasikia. Kwetu mke aliyenawiri ni dalili kwamba anatunzwa, na aliyepungua ghafla huulizwa kwa sauti ya chini. Uso hupungua mapema kuliko tumbo, kwa hiyo miezi ya mwanzo unaweza kuonekana kama mtu aliyetoka kuugua, na ni kweli umetoka spitali. Hulazimiki kumwambia kila mtu. Ila waambie wawili watatu unaoishi nao, kwa sababu wao ndio watakaokuona ukitapika, na wao ndio wapishi.

Mume naye aelezwe kabla. Wapo wanaopenda mwili uliokuwepo na hawasemi mpaka uondoke.

Nywele zinakatika. Na ngozi?

Nywele hukatika kuanzia mwezi wa tatu hivi hadi wa sita, kwa sababu ya mshtuko wa mwili na kula kidogo, na huota tena kwa wengi. Hakikisha protini, chuma na zinki vinatosha. Ngozi iliyolegea mkononi, tumboni na mapajani ni suala jengine. Haina mafuta ya kupaka yanayoirudisha, msio na liwa vitainukisha vizuri tu. Mazoezi ya misuli husaidia kiasi. Kuikata ni operesheni nyengine, baada ya uzito kutulia kwa miezi kadhaa.

Nataka mtoto.

Subiri miezi 12 hadi 18. Lakini jihadhari mapema: uzito ukishuka hedhi hurudi katika mpango, na mwanamke aliyekaa miaka bila kushika mimba anaweza kuipata mwezi wa nne, wakati mwili wake hauna akiba. Vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi baada ya baipasi. Zungumza na mkunga kuhusu kijiti au kitanzi kabla ya kusafiri.

Kuna puto na sindano. Kwa nini nipasuliwe?

Puto huwekwa tumboni kwa mpira unaopitishwa mdomoni, hukaa kama miezi sita, kisha hutolewa. Mloganzila, Dar es Salaam, wanaliweka. Tegemea kupoteza asilimia 10 hadi 15 ya uzito, na sehemu yake kurudi puto likitoka kama ulaji haukubadilika. Linamfaa asiyefikia kiwango cha kupasuliwa, au anayehitaji kupungua kwanza ili apasuliwe kwa usalama.

Sindano za semaglutide kwa dozi ya kupunguza uzito zilitoa wastani wa kama asilimia 15 katika mwaka mmoja na zaidi, na tirzepatide kwa dozi kubwa kama 21. Hizi ni dawa kweli. Zina gharama ya kila mwezi, zinahitaji ubaridi tangu kiwandani hadi nyumbani kwako, na ukiziacha uzito mwingi hurudi. Usinunue ya mkononi kwa mtu aliyeileta kwenye begi.

Ni dhambi kukata utumbo wa Mungu?

Swali hili linaulizwa kwa dhati na si la muuguzi kulijibu. Tunachoweza kusema ni kwamba ukimuendea sheikh, mueleze maradhi yako yote: sukari, presha, magoti, usingizi unaokata pumzi. Ukimwambia tu "nataka kupungua" atadhani ni urembo, na atakujibu kama swali la urembo.

Goti linauma. Nimeze diklofenaki?

Baada ya baipasi, hapana, wala ibuprofeni. Zinatoboa vidonda pale palipoungwa. Kwa slivu muulize daktari wako kwanza. Parasetamoli inaruhusiwa. Sigara nayo huleta vidonda hivyohivyo.

Vitamini ni kwa muda gani?

Maisha. Vidonge vya vitamini mchanganyiko, B12, chuma, kalsiamu na vitamini D, kadiri ulivyoandikiwa. Watu huacha mwaka wa pili kwa sababu wanajisikia wazima, na B12 inachukua muda mrefu kuisha mwilini, kwa hiyo ganzi za miguu huja wakati wameshasahau kwamba waliacha. Pima damu mwezi wa tatu, wa sita na wa 12, kisha kila mwaka. Kama dawa hizi hazipatikani karibu nawe Wete au Makunduchi, nunua za miezi mitatu kila ukienda mjini.

Nikirudi kutoka India, niwe na nini mkononi? Na nikimbilie spitali lini?

Uwe na ripoti ya operesheni, jina kamili la aina uliyofanyiwa, orodha ya dawa, na namba ya simu inayopokewa. Karatasi hiyo isikae kabatini. Ipige picha na mtumie ndugu mmoja. Daktari wa zamu atakayekupokea saa nane usiku hatakuwa na njia nyengine ya kujua mfuko wako umekatwa vipi. Usiharakishe kupanda ndege ili uwahi harusi, kwa sababu damu kuganda miguuni ni hatari ya wiki za mwanzo, na safari ndefu ya kukaa inaizidisha. Wanaofariki ndani ya mwezi wa kwanza ni wachache, pungufu ya mmoja kwa wagonjwa mia mahali penye uzoefu. Uliza hospitali uliyoichagua inafanya operesheni ngapi kwa mwaka, nao wakijivuta kujibu, tafuta nyengine.

Nenda spitali siku hiyohiyo ukiwa na homa, mapigo ya moyo zaidi ya 120 ukiwa umekaa, maumivu ya tumbo au bega la kushoto yanayozidi, kutapika kila kitu hata maji, kinyesi cheusi, mguu mmoja kuvimba, au pumzi kukatika. Kutapika kwa siku kadhaa peke yake kunatosha, kwa sababu vitamini B1 inaisha upesi na mtu anaweza kuanza kuona vitu viwiliviwili na kuyumba. Mwambie daktari neno "B1" na umuonyeshe karatasi. Maumivu chini ya mbavu za kulia miezi baadaye mara nyingi ni vijiwe vya nyongo, ambavyo hupata wengi wanaopungua kwa kasi. Uliza kabla kama utapewa dawa ya kuvizuia kwa miezi sita.

Kwa aliye Pemba, usingoje boti ya asubuhi. Anza na Abdalla Mzee, Mkoani, au spitali iliyo karibu zaidi, utiwe maji na damu ipimwe, na wao ndio waamue kama utavushwa na kwa chombo gani.

Nijipime uzito mara ngapi?

Mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya kula, mizani ileile. Mizani ya duka la dawa na ya nyumbani kwa shangazi hazitakubaliana.